Shajara ya kipupwe: matuta matatu, cherehani ya bibi na bamia zilizokomaa

3 Juni

Mkataba wangu wa kufundisha kwa kujitolea uliisha Ijumaa. Nimerudi nyumbani Tanga, Ngamiani, na begi moja na kalamu nyekundu tatu ambazo sina tena wa kumsahihishia. Siku ya kwanza mama hakuniuliza nina mpango gani, aliniuliza kama nimekula. Leo ndiyo kauliza.

Nimemjibu nina mipango mitatu mpaka ajira zitoke: kulima pale nyuma, kuifufua cherehani ya bibi, na kurudia kuchora, jambo nililoliacha kidato cha pili. Akaniangalia kwa muda. "Na mwisho wake utoke nini?" Nikasema shuka la mtoto. Wifi yangu kule Muheza anatarajia mwisho wa Septemba, na sanduku la khanga za marehemu bibi limekaa chini ya kitanda miaka sita bila kufunguliwa isipokuwa kuwekwa nafthalini. Hapo mama akanyamaza. Sijui kama ni kukubali.

Naanza kuandika shajara hii kwa sababu najijua. Nisipoandika, nitakuwa na mipango minne kabla ya Saba Saba.

5 Juni

Eneo nimelipima: mita nne kwa tatu, kati ya karo la kufulia na ukuta wa jirani. Masika yamekwisha lakini ukichimba kina cha jembe udongo bado unashikana. Samadi viroba viwili, vimeletwa na baiskeli kwa safari moja. Tanga hii, baiskeli inabeba kila kitu. Nimeinua matuta matatu.

Mbegu za mchicha ni ndogo kama baruti ya kiberiti. Ukizimwaga kama zilivyo, zinaangukia pamoja na miche inaota imesongamana, kwa hiyo nimezichanganya na mchanga mkavu ndipo nikazitia mstarini. Bamia nimeziloweka usiku kucha. Ngogwe (huko kwingine mnaita nyanya chungu) nimezisia kwenye beseni lililotoboka, zikae humo mpaka Julai. Tuta la tatu nililiacha wazi nifikirie cha kupanda. Nimetoka dukani nimekuta mama keshalijaza matembele, vipande vya shina urefu wa mkono, nusu ndani ya udongo nusu nje. "Wewe endelea kufikiri," kaniambia.

11 Juni

Mchicha uliota siku ya nne. Siku ya sita kuku wa jirani wakaupalilia wote upande wa kushoto. Jirani amesema kuku wake hawali mchicha. Sawa. Nimezungushia chandarua cha zamani na fito, nikasia upya.

15 Juni

Cherehani. Ni ya miguu, ya chuma kitupu, na bibi alishonea vijora na mito mpaka macho yalipomshinda. Mkanda wa ngozi ulikatika nilipokanyaga pedeli mara ya pili. Wa mpya nimepata sokoni Mgandini. Nimemimina mafuta ya cherehani kwenye kila tundu, nikazungusha gurudumu kwa mkono mpaka uchafu mweusi ukaacha kutoka.

Kisha zikafuata siku mbili ambazo ningeomba zisihesabiwe. Kila nikishona, mshono wa juu umenyooka vizuri, chini nyuzi zimejaa kama kiota cha ndege. Nikaona tatizo liko chini, kwa hiyo nikashughulika na chini: nikatoa bobini, nikaisafisha, nikalegeza kiskrubu cha shato (kile kishikio cha bobini) robo mzunguko, nikakikaza, nikakilegeza tena. Kiota kikawa kikubwa zaidi. Jioni ya pili nikakibeba kile kitambaa hadi kwa fundi wa barazani, mzee anayeshona sare za shule. Hakugusa hata cherehani yangu. Aliugeuza mshono mara moja tu.

"Dada, ukiona uchafu chini, kosa liko juu."

Uzi wa juu haukuwa umebanwa na kitu. Vile visahani viwili vya kubania uzi vinafunguka pale mguu wa cherehani unapoinuliwa, na mimi nilikuwa nikipitisha uzi mguu ukiwa chini, visahani vimefumba, uzi unapita juu yake badala ya katikati. Bila kubanwa unaachia tu, na shato linauvuta wote chini. Nimerudi, nimeinua mguu, nimepitisha uzi, nimeshona mstari wa mita nzima. Chini safi. Kile kiskrubu sasa ndicho kimeharibika kwa kuchezewa, na kukirudisha mahali pake kumenila saa moja nyingine.

21 Juni

Tumefungua sanduku. Khanga kumi na moja, na kati ya hizo doti kamili ni tatu tu. Nyingine zimebaki upande mmoja, mwenziwe aligawiwa mtu au alichakaa. Moja ina alama ya Urafiki, kile kiwanda cha Dar kilichofunguliwa 1968. Mbili za Mombasa, chini zimeandikwa "Mali ya Abdulla". Na kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe, ya harusi yake.

Mama aliichukua kisutu akaikunja mara nne akaikalia. "Hii haikatwi." Sikubishana. Lakini na hizo nyingine uso wake haukuwa mzuri. Khanga iliyochakaa inapasuliwa kuwa nepi, kitambaa cha jikoni, taulo la kufutia meza, na hakuna anayelia. Ila khanga nzima, yenye pindo, mji wa katikati na jina, kuitia mkasi ikiwa na afya yake, kwake ni kama kuchinja mbuzi mwenye mimba.

Nikazitandaza kitandani tukasoma majina. JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU. WACHE WASEME. Kwenye NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE mama akaanza kucheka peke yake. Kumbe bibi aliinunua hiyo makusudi, akajifunga kwenda nayo bombani siku saba mfululizo kwa ajili ya mwanamke mmoja wa mtaa wa pili. Siku ya nane yule mwanamke akaja na khanga yake ya kujibu. Mama hakumbuki ilisemaje, anakumbuka tu kuwa bibi alirudi bila maji.

Sikukata kitu siku hiyo.

28 Juni

Hoja yangu kwa mama nimeitoa kwenye historia ya khanga yenyewe. Karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua leso, vile vitambaa vya mraba ambavyo jina lake limetoka kwa Wareno, vikiwa bado vimeungana kwenye jora. Walikata kipande cha leso tatu, na kingine cha tatu, wakavishona ubavu kwa ubavu wakapata nguo moja ya leso sita. Wafanyabiashara walipoona hivyo ndipo wakaanza kuleta nguo nzima iliyochapwa tayari. Mombasa hadi leo wanaiita leso. Na majina yalikuja baadaye kabisa, mwanzoni mwa karne ya 20, tena kwanza kwa herufi za Kiarabu.

"Kwa hiyo khanga ilianza kwa viraka," nimemwambia. "Mimi nairudisha kwao."

Mama: "Umesoma wewe." Kwa sauti ile ambayo si sifa. Lakini jioni alikuja na mkasi wake mwenyewe, ule mkali anaotuficha, akauweka juu ya cherehani akaenda kuswali.

6 Julai

Hesabu. Shuka liwe sentimita 100 kwa 130. Kiraka kikishonwa kibaki 10 kwa 10, kwa hiyo nakata 12 kwa 12, sentimita moja kila upande iliwe na mshono. Vinatakiwa 130. Nimekata kwenye mji wa khanga tu. Majina nimeyakata kama mistari mizima nikayaweka kando, maana nilijaribu kwenye karatasi nikaona mraba ukipita katikati ya jina unabaki na "TAMAA SI", na mtoto halali kwenye "TAMAA SI".

Kabla ya kukata nilizifua zote ili zitoe nafthalini. Zile za bibi hazikunitia wasiwasi, zimefuliwa miaka thelathini. Lakini nilikuwa nimenunua khanga mpya moja, nyekundu, nijazie, na kwa uvivu nikaitia beseni moja na nyingine. Mpya ikachuja. Abiria na dereva wao sasa wana wingu la waridi kuanzia pembeni mpaka katikati. Kila mtoto wa pwani anajua kwamba khanga mpya nyekundu inafuliwa peke yake, na mimi nina shahada.

Bustanini: mchicha wa kusia mara ya pili tumeula mara mbili. Ngogwe zimehamishwa tutani, miche kumi na minne.

20 Julai

Mistari mitano kati ya kumi na mitatu. Nilipoilaza sambamba, mmoja ulizidi mwenzake karibu sentimita mbili. Nilidhani cherehani inavuta kitambaa. Hapana, ni chaki. Mstari wa chaki butu una unene wa milimita mbili, na mimi mara nyingine nilikata ndani yake, mara nyingine nje. Mstari una mishono tisa. Milimita mbili mara tisa, hesabu mwenyewe. Nimefumua yote mitano. Nimekata kigezo cha kadibodi, nachonga chaki kila baada ya viraka vitano, nakata nje ya mstari. Polepole. Mama anapita anasema mtoto ataanza darasa la kwanza.

27 Julai

Bamia zimechanua.

Sikuwahi kuliangalia ua la bamia. Nimekula bamia maisha yangu yote, na ua lake nimelipita kama ninavyopita nguzo ya umeme. Lina petali tano, njano iliyopauka kama siagi, zimelaliana kila moja ikifunika kidogo bega la inayofuata, na ndani kabisa koo lake ni jekundu jeusi kama zambarau iliyoiva. Ni ndugu wa haibiskasi, ndiyo maana wanafanana. Linafunguka asubuhi, jioni limeshanyauka limejikunja kama mwavuli, kesho halipo. Kwa hiyo kulichora ni lazima niamke. Siku tatu hizi nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa saa moja asubuhi na penseli, majani yakiniwasha mikono kwa vile vinywele vyake.

Nilikuwa nimepanga kuchora kwenye ubao, kwa mtindo wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar mwaka 1968 alitumia vipande vya ubao wa dari na rangi za kupakia baiskeli, na mimi niko mji wa baiskeli. Nilinunua kopo dogo, nikapaka ua moja. Likatoka zuri kama bango la kuuza rangi. Halafu nikatazama lile shuka lenye mistari minane nikajiuliza kwa nini maua yakae ukutani na shuka likae kitandani. Viraka tisa kati ya 130 viwe vya kuchora. Nimenunua mita moja ya marekani, ile nguo nyeupe isiyo na maua, nitumie nta na manjano ya jikoni: palipo na nta rangi haishiki.

3 Agosti

Vidukari chini ya majani ya bamia, na sisimizi wanaowachunga kama ng'ombe. Nimetwanga majani ya muarobaini, nimeyaloweka usiku, nimechuja, nimetia sabuni kidogo, nimenyunyiza jioni. Kesho kutwa narudia.

Maji ya bomba yamekatika siku nne. Tumemwagilia kwa maji ya kusuuzia vyombo. Matembele ya mama hayakujua hata kama kuna shida.

10 Agosti

Nta. Niliyeyusha mishumaa minne, nikachora maua matatu kwa brashi kwenye marekani, yakakauka vizuri. Manjano yalikuwa yanachemka jikoni. Nikatumbukiza. Nta ikaelea juu kama mafuta ya supu na kitambaa kikatoka njano chote, bila ua hata moja. Mshumaa wenyewe unayeyuka kwenye joto la kama nyuzi 60, sasa unauchemsha unategemea nini? Rangi inatakiwa ipoe mpaka utie kidole bila kushtuka, kisha kitambaa kikae humo muda mrefu zaidi.

Jambo zuri la leo limetokana na uzembe. Bamia nilizosahau kuchuma zilipitiliza zikawa ngumu kama mbao. Bamia usipoichuma ndani ya siku tano, sita tangu ua lianguke, meno hayaiwezi tena. Niliikata moja kwa kisu cha mkate nione mbegu, na pale kwenye mkato pakatokea nyota ya vyumba vitano, imepangika. Nimezianika mbili zikauke kabisa. Nimechovya mkato kwenye nta ya moto, nimegonga kwenye kitambaa. Chapa! Brashi inanipa ua moja kwa nusu saa. Bamia inanipa nyota thelathini, na hakuna inayofanana kabisa na mwenzake. Viraka vitano vimepigwa chapa ya bamia, vinne vina maua ya brashi.

17 Agosti

Majaribio ya manjano, maana nimesikia yanapauka. Vipande vitatu: kimoja manjano matupu, kimoja nilikichemsha kwanza na shabu, ile ya vinyozi, na cha tatu nilikipitisha baadaye kwenye maji ya magadi. Hicho cha tatu kilinitoa ukelele. Njano iligeuka mbele ya macho yangu ikawa rangi ya tofali. Nikakamulia limau pembeni kuona kama nimekiharibu kabisa, na pale limau lilipopita njano ikarudi, kama mtu aliyefunua shuka. Magadi, jivu, sabuni, vyote vinayafanya manjano kuwa mekundu, na kitu chochote chenye uchachu kinayarudisha. Nimewaita watoto wa jirani, tumecheza na vipande hivyo mpaka malimau yakaisha. Hilo ndilo somo la kemia lililonoga kuliko yote niliyowahi kufundisha, na sikulipwa, kama kawaida.

Baada ya siku tano juani: kisicho na shabu kimepauka sana, chenye shabu kimepauka kidogo. Nimetumia shabu kwa vyote tisa, iliyopoa. Nta nimeiondoa kwa pasi na magazeti ya zamani, na shuka halitaanikwa juani. Nitamwambia wifi.

31 Agosti

Mistari yote kumi na mitatu imekutana. Tofauti kati ya mrefu na mfupi ni milimita nne. Nimeipiga pasi mishono ilale upande mmoja mmoja, mstari huu kushoto, unaofuata kulia, ili pembe zikutane bila uvimbe. Nyuma nimeweka marekani iliyobaki na kipande kingine.

Sasa pindo. Majina yale niliyoyaweka kando ndiyo yanazunguka shuka, jina moja kila upande. Abiria na dereva wanakaa kichwani, na wingu lao la waridi. Japo sipati, kulia. Wache waseme, kushoto. Miguuni tumebishana: mimi nilitaka lile la simba, mama alisema mtoto hajafika duniani unamtafutia ugomvi. Nikamwambia likae miguuni basi, mtoto alikanyage. Mama amefikiri, amesema sawa, bibi angefurahi.

9 Septemba

Ngogwe za kwanza, nne, chungu kweli. Matembele yamevuka chandarua yanaelekea karoni. Ajira: kimya.

12 Septemba

Kaka amepiga simu alfajiri. Mtoto amewahi. Wa kike, wote wazima, wameruhusiwa.

Upande wa miguuni ulikuwa bado haujashonwa. Umeme ulikatika saa mbili usiku, cherehani haijali lakini macho yangu yanajali, kwa hiyo nimeupiga bandi kwa mkono, mama ameshika tochi ya simu. Simba amekaa mshazari kidogo.

13 Septemba

Muheza. Tumebeba mchicha mafungu matano, matembele, bamia changa, ngogwe, na lile shuka ndani ya mfuko wa nailoni. Mama alikuwa na mzigo wake wa pembeni ambao hakuutaja njiani. Tulipofika aliufungua: kisutu. Alimfundisha wifi kuifunga iwe mbeleko, ingawa wifi anajua, tena ni mtoto wake wa pili.

Shuka lilitandazwa. Wifi alisoma majina yote kwa sauti akizunguka kitanda, alipofika kwa simba akacheka mpaka akashika tumbo. Mpwa wangu mkubwa aliuliza kwa nini nyota zimezungukwa na njano. Mtoto alilazwa juu yake, akalala dakika kumi, akaliroweka.

15 Septemba

Simu, wifi, saa nne asubuhi.

"Wifi, hili shuka limetoa damu."

"Wapi?"

"Kwenye vile viraka vya nyota. Na vya maua. Nimelifua vizuri tu, sasa ni vyekundu. Nimeogopa hata kumwambia kaka yako."

"Umefua na nini?"

"Na sabuni ya mche. Ulitaka nifue na nini?"

Nilikuwa nimesahau kumwambia. Jua nililikumbuka, sabuni nikaisahau.

"Una limau hapo ndani?"

"Wifi, niko Muheza, nikose limau?"

Nimesikia anaweka simu mezani, nimesikia kabati, nimesikia kisu. Kisha kimya kirefu, kisha mpwa wangu mkubwa akipiga kelele aitwe kila mtu aje aone.